Mtoto wa Ng'ambo ya Mto: Somo juu ya Hadithi za Watoto Wakimbizi



Katika kikao kimoja cha wazazi na walimu wa Shule ya Jumapili, bibi mmoja wa mtaa wetu aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Alisema, "Mwalimu, hawa watoto mnawasomesha nini juu ya watu waliohama makwao? Mjukuu wangu ameniuliza mkimbizi ni mtu wa namna gani. Nikamwambia, mtazame bibi yako." Watu wakacheka, naye mwenyewe akacheka, kisha tukaendelea na habari ya mabati ya darasa. Lakini mimi nilirudi nyumbani na swali lile, na tangu hapo nimelifungua kabati langu la vitabu mara nyingi nikitafuta jibu. Somo la leo ndilo jibu lenyewe, kwa kadiri nilivyoweza kulipata.

Nataka tuzungumze juu ya hadithi za watoto zinazosimulia habari za wakimbizi na wahamiaji, tena zile zinazoeleza maisha kama yalivyo. Sisi wa umri wangu tulilelewa kwa ngano. Jioni baada ya chakula tulikaa karibu na moto, tukasikia juu ya Sungura na Fisi, na majitu ya porini, nasi tukajifunza mengi humo: ujanja, subira, na hatari ya ulafi. Ngano hizo ni mali yetu na zisitupwe. Ila yapo mambo ambayo Sungura hawezi kuyasema, maana Sungura hafukuzwi shuleni kwa kukosa ada. Emmanuel Mbogo alipoandika Watoto wa Maman'tilie aliwachukua watoto wa Dar es Salaam, Peter na Zita, akawaonyesha na njaa yao na jalala lao. Wengi wenu mmekisoma kitabu hicho, kwa kuwa kilikuwamo kwa miaka mingi katika orodha ya vitabu vya Kiswahili vya sekondari. Mtoto akiisoma hadithi ya namna hiyo hasemi, "Hapo zamani za kale." Asema, "Huyu namjua."

Sasa, kwa nini hadithi za wakimbizi ziwe shauri letu sisi wa Newala? Nenda Shimo la Mungu siku isiyo na ukungu, utazame chini. Utaona bonde lote hadi mto Ruvuma, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Mpaka ule uliwekwa na Wajerumani na Wareno. Wamakonde hawakuulizwa, nao wako pande zote mbili, kama walivyo Wamakua na Wayao. Watu wamekuwa wakivuka mto huo tangu siku za babu zetu, kwa kuoa, kwa kuzika, kwa kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge, na mara kadhaa kwa kukimbia.

Hata Kanisa letu la kusini lilianza na watu waliong'olewa makwao. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja akashuka Lindi pamoja na kikundi cha watumwa waliokombolewa, wakatembea hadi Masasi, wakafanya makao yao huko. Walikuwa watu waliochukuliwa kutoka nchi za bara, za Wayao na za Ziwa Nyasa. Mwaka 1882 Magwangwara wakaivamia Masasi, wakaua na kuteka, na baada ya hapo misheni ikahamia huku Newala, kwa Matola. Basi mahali hapa palipokea watu waliokimbia tangu zamani hizo, kabla ya bomba la maji na kabla ya barabara ya gari.

Kisha ikaja zamu ya miaka yetu. Tarehe 25 Septemba 1964 FRELIMO walianza vita vya ukombozi katika jimbo la Cabo Delgado, na maelfu ya watu wakavuka Ruvuma. Baadhi walipelekwa katika makazi ya Rutamba, Lindi, na wengine walibaki kwa jamaa zao vijijini. Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975, na wengi wakarudi. Haukupita muda mrefu vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyokwisha kwa mapatano ya Roma ya tarehe 4 Oktoba 1992. Tena mtakumbuka Oktoba 2017, Mocímboa da Praia iliposhambuliwa, na Machi 2021, ilipofika zamu ya Palma. Ilipofika 2022 watu waliokuwa wameyahama makazi yao kule kaskazini ya Msumbiji walizidi laki tisa. Wengine walifika mtoni wakavuka.

Mnaona basi kwamba habari hii si ya redioni tu. Katika nyumba nyingi za mtaa huu imo jikoni. Na watoto wetu wanaishi nayo bila kuwa na kitabu cha kuisoma.

Kitabu cha kwanza ninachokishika ni cha zamani. James Mbotela, mtu wa jamii ya watumwa waliokombolewa ya Freretown karibu na Mombasa, alitoa Uhuru wa Watumwa mwaka 1934. Freretown ilianzishwa na misheni ya CMS mwaka 1875, mwaka mmoja tu kabla ya Masasi, na watu wake walikuwa wa namna ile ile, waliokamatwa bara na kuokolewa baharini. Si kitabu cha watoto peke yao, lakini mtoto wa darasa la sita hukifuata vizuri. Uzuri wake ni kwamba mwandishi aliyasikia mambo hayo kwa wazee walioyapitia, kwa hiyo njia na mizigo na majahazi yana uzito wa kweli. Upungufu wake, kwa maoni yangu, ni kuwasifu mno Waingereza waliokomboa. Mtu aliyepokelewa katika kitabu hicho ana kazi moja, nayo ni kushukuru. Hanung'uniki, hakasiriki, hakumbuki kwao kwa hamu iliyopita kiasi. Nami nimekaa na watu waliokimbia, nawajua. Hushukuru, ndiyo, na siku hiyo hiyo hukasirika, tena kwa haki.

Kitabu cha pili mnakifahamu, Takadini cha Ben Hanson, ambacho nacho kimesomwa sana katika sekondari zetu. Walimu wengi hukifundisha kama kitabu juu ya ulemavu wa ngozi, na ndivyo kilivyo. Lakini hebu kisomeni tena kwa jicho jingine. Sekai, baada ya kukaa miaka bila mtoto, anamzaa mtoto ambaye desturi ya kwao inasema lazima auawe. Basi anamfunga mgongoni anatoroka usiku, anavuka nchi asiyoijua, na kufika kwenye kijiji cha watu wengine akiomba mahali pa kulala. Huyo ni mkimbizi kamili, ingawa hajavuka mpaka wa serikali yoyote. Na mwandishi hakuficha kwamba katika kijiji kile wako waliompokea na wako waliomwogopa mtoto, wakawavuta watoto wao wasicheze naye. Hapo ndipo kitabu kinapopata nguvu, nami nitaeleza kwa nini, ila kwanza naomba ruhusa niseme habari yangu mwenyewe. Bila hiyo somo hili lingekuwa la unafiki.

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu katika shule moja ya upande huu, aliletwa mvulana kutoka ng'ambo pamoja na shangazi yake. Alikuwa mkubwa kuliko sisi, lakini aliwekwa nasi kwa kuwa hakujua kusoma Kiswahili. Kimakonde chake kilikuwa chetu, ila kilipinda hapa na pale, na sisi tulifurahi kukiiga. Tulimwita Mmawia. Wazee wanajua jina hilo lilivyotumika: wenyewe wa ng'ambo hawakujiita hivyo, sisi ndio tuliowaita, wala halikuwa jina la heshima. Siku moja kisu kidogo cha mwalimu cha kuchongea penseli kilipotea. Mtu mmoja akasema kwa nyuma, "Mmawia." Wengine wakarudia, nami nikarudia. Asubuhi ile ile mimi nilikuwa nimekiona kisu kile katika mfuko wa mtoto mwingine, mtoto wa jirani, niliyekuwa nikienda naye kuteka maji. Sikusema. Yule mvulana alichapwa viboko mbele yetu. Hakulia wala hakujieleza, maana Kiswahili cha kujitetea hakuwa nacho. Mwaka 1975 walirudi kwao, na mpaka leo sijamwona tena.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu mwenye watoto wangu mwenyewe, nilipata kitabu cha Kiingereza cha Beverley Naidoo, mama aliyezaliwa Afrika Kusini. Kinaitwa The Other Side of Truth, kilitoka mwaka 2000, na kilipewa nishani ya Carnegie, ambayo huko Uingereza hupewa vitabu bora vya watoto. Kinasimulia juu ya watoto wawili wa Lagos, Sade na ndugu yake mdogo Femi. Baba yao ni mwandishi wa gazeti anayewasema watawala wa kijeshi. Asubuhi moja wauaji wanakuja kumpiga risasi baba, wanampiga mama. Watoto wanapelekwa London upesi na mwanamke wasiyemjua, kwa hati za uongo, na mwanamke yule anawaacha kituoni. Mjomba waliyetumwa kwake haonekani. Hayo yote ni mazito, na mwandishi ameyaeleza vizuri. Lakini mimi nilisimama mahali pengine. Shuleni London wapo wasichana wanaomtesa Sade, na siku moja wanamlazimisha aibe kiberiti cha gesi katika duka la mjomba wa msichana mwenzake wa darasa. Na msichana yule, Mariam, naye ni mkimbizi, kutoka Somalia.

Nilikifunga kitabu nikakiweka mezani. Nilikuwa nimeanza kukisoma nikijiona niko upande wa Sade, kama msomaji yeyote mwema. Hapo nikatambua kwamba nimo kweli katika hadithi ile, ila nimeketi benchi la nyuma, pamoja na wale wasichana.

Nayo ndiyo hoja yangu katika somo hili, ndugu zangu. Hadithi nyingi za wakimbizi zinazoletwa kwa watoto huandikwa kwa ajili ya huruma. Mkimbizi analia, anapewa blanketi na uji, anatabasamu, kitabu kinaisha. Mtoto wa Newala akiisoma anajiona ni yule anayetoa blanketi, anafurahi juu ya nafsi yake, na kesho shuleni anaiga matamshi ya mgeni. Hadithi ya kweli humwekea mtoto mwenyeji nafasi yake pia, na nafasi hiyo si ya kutoa blanketi peke yake. Humwonyesha akinyamaza, akicheka na wengine, akimtetea mtu kwa woga, akishindwa, akijaribu tena. Takadini kinafanya hivyo kwa kiasi chake. Naidoo anafanya hivyo kwa ukali zaidi, nami namsifu.

Kuna jambo la pili, na hili nilifundishwa na mtoto. Walezi wake wameniruhusu nilisimulie bila kutaja jina.

Ilikuwa mwaka 2021. Nilikuwa nimeandika katika daftari hadithi fupi ya familia inayovuka Ruvuma usiku, niwasomee watoto wa Shule ya Jumapili. Niliona nimeandika vizuri sana. Mama alilia, watoto walilia, nyota zilikuwa nyingi, mamba alipita karibu, babu akaomba kwa sauti ndogo. Nikasoma kurasa nne. Nilipomaliza, msichana mmoja wa miaka kama kumi, aliyefika mwaka ule ule na ambaye hakuwa amewahi kunyosha mkono darasani, akanyosha mkono.

"Mwalimu, sisi hatukulia."

Nikamwuliza, "Mlifanya nini?"

"Tulicheka. Kuku alitoka kikapuni akamrukia mjomba kichwani, mtumbwi ukayumba. Mama akatuziba midomo, watu wasitusikie tukicheka."

Darasa zima likacheka. Mvulana mmoja akauliza, "Kuku yuko wapi sasa?"

"Tulimpa mwenye mtumbwi. Hatukuwa na fedha." Kisha akasema polepole, "Alikuwa wangu."

Kurasa zangu nne nilizichana jioni ile. Katika machozi yangu yote ya kubuni hapakuwa na kitu chenye nguvu kama kuku yule. Mama anayewaziba watoto midomo wasicheke, na mtoto anayelipa nauli ya ukoo mzima kwa kitu chake cha pekee: mambo hayo hakuna anayeyabuni akiwa amekaa barazani. Ndiyo maana nasema kwamba anayetaka kupima hadithi ya wakimbizi aangalie vitu vidogo. Wamechukua nini? Wameacha nini? Nani alichagua? Judith Kerr, aliyekimbia Ujerumani mwaka 1933 akiwa mtoto wa Kiyahudi, alikuja kuandika hadithi ya utoto wake mwaka 1971, When Hitler Stole Pink Rabbit. Mtoto Anna anaambiwa achague kitu kimoja cha kuchezea katika vyake vyote. Anamchukua mbwa mpya wa manyoya, anamwacha sungura wake wa zamani wa rangi ya waridi, na baadaye anaona alikosea. Kitabu kizima juu ya utawala ule wa kutisha, na mtoto anayahesabu mambo kwa sungura wa kitambaa. Niliwasimulia watoto wetu kisa hicho kwa Kiswahili baada ya habari ya kuku, na yule msichana akasikiliza akiwa ameshika kidevu.

Sitakawia sana juu ya vitabu vingine vya nje, maana vingi viko kwa Kiingereza na si rahisi kuvipata huku. Lakini viwili nitavitaja, kwa kuwa kila kimoja kina jambo ambalo sisi wasimulizi huliruka.

Jambo la kwanza ni karatasi. Benjamin Zephaniah, mshairi wa Uingereza mwenye asili ya visiwa vya Karibi, aliandika Refugee Boy mwaka 2001. Alem ni mtoto wa miaka kumi na minne, baba Mwethiopia, mama Mweritrea, wakati nchi hizo mbili zikipigana. Huko Ethiopia wanafukuzwa kwa ajili ya mama, na Eritrea wanafukuzwa kwa ajili ya baba. Baba anamchukua Alem kwenda Uingereza kana kwamba ni matembezi, na asubuhi moja mtoto anaamka hotelini baba hayupo, ameacha barua. Sehemu kubwa ya kitabu inaendelea mbele ya maofisa na mahakama, watu wakijadiliana kama mtoto huyu ana haki ya kukaa au hana. Watoto hawachoki na habari hizo, kama mnavyoweza kudhani. Hukasirika, na hasira hiyo ni ya haki.

Nasi tunayo mifano ya karatasi karibu na damu yetu. Wako Wamakonde waliotoka Msumbiji kuanzia miaka ya 1930 wakaenda Kenya, kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa huko Kwale. Waliishi huko, wakazaa, wakazikwa, na wajukuu wao wakawa bado hawana uraia wa nchi yoyote. Mtu bila kitambulisho hawezi kufungua akaunti ya benki, wala kuajiriwa kwa njia halali. Oktoba 2016 walifunga safari wakatembea kutoka Kwale kuelekea Nairobi kumwona Rais, na Rais Uhuru Kenyatta akaamuru wapewe vitambulisho kabla ya mwisho wa mwaka. Fikirini hadithi ya mtoto aliyetembea safari ile na bibi yake, akiuliza kila kilomita kwa nini wanatembea kuomba karatasi inayosema kwamba wapo. Mwandishi kijana wa Newala anayetafuta jambo la kuandika, hilo hapo.

Jambo la pili ni kungoja. Tunapenda kusimulia mbio, maana mbio zina msisimko. Lakini maisha ya mkimbizi kwa sehemu kubwa ni kukaa. When Stars Are Scattered kilitoka mwaka 2020. Ni kitabu cha picha na maneno, cha Omar Mohamed pamoja na Victoria Jamieson, juu ya maisha ya Omar mwenyewe katika kambi ya Dadaab huko Kenya, yeye na mdogo wake Hassan ambaye hasemi ila neno moja la Kisomali, la kumwita mama. Siku zinapita, miaka inapita. Foleni ya maji, foleni ya chakula, majina ubaoni ya watu walioitwa kwenye mahojiano, na jina lako halimo. Omar anataka kwenda shule, lakini akienda nani atamlinda Hassan? Huko kwetu Kigoma kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa watu wa Kongo, na wapo waliozaliwa humo ambao sasa nao wana watoto. Ukimsimulia mtoto habari ya kungoja, msimulie taratibu, na usimharakishie mwisho mwema. Watoto wanaweza kubeba hadithi isiyokwisha vizuri, ikiwa mtu mzima ameketi karibu nao wakati wa kuisoma.

Labda mtasema, "Mwalimu, vitabu hivyo hatuna." Ni kweli. Basi fanyeni kama nifanyavyo mimi. Mmoja anayejua Kiingereza asome sura nyumbani, kisha aje aisimulie kwa Kiswahili, au kwa Kimakonde kama wadogo ni wengi, maana hadithi haikatai lugha. Asimulie mpaka pale mtoto wa hadithini anapotakiwa kuchagua, asimame hapo, awaachie watoto. Nilipofika kwenye kiberiti cha gesi cha Sade niliwauliza: mngekuwa ninyi mmeketi darasani na mmeona, mngefanya nini? Wote wakajibu kwa haraka, "Tungesema!" Nikanyamaza kidogo. Kisha mvulana mmoja, mtundu kwa kawaida, akasema, "Mimi nisingesema. Ningeogopa." Siku hiyo ndipo mazungumzo yalipoanza hasa.

Ila naomba uangalifu mkubwa katika jambo moja. Kama darasani yumo mtoto aliyekimbia, asifanywe shahidi wala mfano. Usimwite mbele useme, "Huyu mwenzetu atatueleza." Usimtafute yeye, kwa kuwa ametoka ng'ambo, acheze Bikira Maria anayekimbilia Misri. Jambo hilo nimeliona likifanywa kwa nia njema kabisa, na mtoto alisimama pale ametazama miguu yake. Msichana wa kuku alisema kwa sababu nilikosea mbele yake, naye akataka kunisahihisha. Alisema kwa hiari yake, kama mtu anayejua kuliko mwalimu, na ndivyo ilivyokuwa.

Kuhusu Misri, watoto hawa wamenifungua macho. Kila mwaka tarehe 28 Desemba, sikukuu ya Watoto Wasio na Hatia, twasikia habari ya Mathayo sura ya pili, jinsi Yosefu alivyoamka usiku akamchukua mtoto na mama yake. Mathayo hakueleza walikula nini huko, wala Yosefu alipata kazi gani, wala jirani walikuwa wa namna gani. Mwaka mmoja baada ya Misa mtoto aliniuliza, "Mwalimu, watoto wa Misri walimcheka Yesu alivyokuwa akisema?" Nilimwambia Maandiko hayasemi. Akajibu, "Lazima walimcheka." Nikamwuliza anajuaje. Akasema, "Mimi ningemcheka." Mtoto aliyesema hivyo ni wa hapa hapa, wa ukoo wa Kikristo tangu siku za misheni.

Sasa nije kwenye ombi, maana Padre amenipa nafasi hii kwa sharti kwamba nisimalize bila kuwapa watu kazi.

Katika kabati langu wako watoto wa Lagos, wa Berlin, wa Dadaab na wa Ethiopia. Mtoto aliyevuka Ruvuma hayumo. Habari zake ziko kwa wazee wetu, na wazee wanapungua. Waliovuka mwaka 1965 wakiwa na miaka kumi sasa wana sabini au zaidi. Kwa hiyo, kuanzia mwezi ujao, kila Jumapili ya mwisho baada ya Misa ya pili, tutakaa chini ya mkorosho ulio nyuma ya darasa, wazee na watoto pamoja. Watoto wa darasa la tano na kuendelea waje na daftari na kalamu. Wao ndio watakaoandika, mimi nitawasaidia kupanga sentensi tu.

Wazee mliovuka, msiandae hotuba. Tunataka kujua mlibeba nini, na kuku au mbuzi wa nani alilipa nauli. Mlikula nini siku ya kwanza upande huu, ilikuwa makopa au ming'oko, na ni nani aliyewapa. Neno gani la kwenu watu walilicheka. Ni nani alikuwa wa kwanza kukuita kwa jina lako. Usiyetaka kusema, njoo ukae tu, hatutakuuliza.

Na sisi tuliokuwa upande huu tuje pia, maana hadithi haitakamilika bila sisi. Tuseme tulivyowapokea, na tuseme yale mengine. Mtu asione aibu kuwa wa kwanza. Mimi nitaanza na habari ya kisu.